Kesi imefutwa, kwa hiyo kashinda? Tuzielewe kesi za waandishi, wanaharakati na waandamanaji

Kila akikamatwa mwandishi wa habari au mwanaharakati huku kwetu, maswali kwenye magrupu ya WhatsApp ni yale yale. Mbona kashtakiwa utakatishaji fedha wakati kazi yake ni kuandika? Mbona hapewi dhamana? Kama hana hatia mbona alikiri mwenyewe? Afu mkuu wa waendesha mashtaka, yaani DPP, akifuta kesi watu wanashangilia "ameshinda!", baadae wanasikia kakamatwa tena wanabaki wameduwaa. Si kwamba watu hawana akili, ni kwamba hizi kesi haziendi kama tulivyozoea, yaani mtu kashtakiwa, mashahidi wakaja, hakimu akaamua, tukajua mbivu na mbichi. Ukizisoma kwa mtindo huo utapotea njiani.

Tuweke maneno sawa kwanza. Tuhuma ni polisi wanaposema tunahisi huyu kafanya kitu, hapo hamna kesi bado. Shtaka ni pale unaposomewa mahakamani kutoka kwenye hati ya mashtaka, ile karatasi inayotaja kosa gani, kifungu kipi cha sheria ipi, lilifanyika lini na wapi. Mahabusu ni mtu anayesubiri kesi yake, mfungwa ni aliyeshahukumiwa, japo mahabusu wa gereza la Segerea au Keko naye analala ndani tu. Dhamana, au bondi kama wanavyosema Kenya, ni kuruhusiwa kuisubiri kesi ukiwa kwako, na wala sio zawadi maana mpaka hukumu itoke sheria inakuhesabu huna kosa. DPP ni Mkurugenzi wa Mashtaka, ndiye anayeamua nani ashtakiwe, kwa kosa gani, na kesi iendelee au isiendelee. Mshike vizuri huyu bwana maana tutarudi kwake mara nyingi.

Na kuna hili la kugeuza kazi halali kuwa jinai. Katiba ya Tanzania Ibara ya 18 inakupa uhuru wa kutoa maoni, ya 20 uhuru wa kukusanyika. Ya Kenya Ibara ya 33 ni ya kujieleza, na ya 37 inataja maandamano waziwazi, mradi yawe ya amani na watu wasiwe na silaha. Kwa hiyo huwezi kumpeleka mtu mahakamani kwa "kosa la kukosoa", halipo kwenye kitabu chochote. Kinachofanyika ni kutafuta kosa jingine lililopo kwenye vitabu, uchochezi, taarifa za uongo mtandaoni, kukwepa kodi, ugaidi, uhaini, ukamvalisha nalo. Kwenye karatasi huyo mtu hajashtakiwa kwa kuandika, na msemaji wa serikali anaweza akasimama akasema "hili halihusiani na uandishi wa habari", na kwa karatasi ile hajadanganya.

Sasa jambo lenyewe ninalotaka tulielewe ni hili, kwenye kesi za namna hii hukumu mara nyingi sio lengo. Adhabu imekaa katikati, kati ya siku ya kukamatwa na siku kesi itakapoisha, ikiisha. Chukulia trafiki kakamata bodaboda yako ya mkataba ikalazwa kituoni miezi saba, inanyeshewa, betri inakufa, na kila wiki mwenye pikipiki anataka hesabu yake. Siku unaambiwa "kachukue, hamna kosa" umeshinda nini hapo? Ndio maana mawakili wanaotetea watu hawa hawawazi sana hukumu siku ya kwanza, wanawaza mtu wao yuko wapi, atatokaje, na hiyo karatasi imeandikwa nini.

Tuchukue kesi ya Erick Kabendera maana ndani yake kuna karibu kila kitu. Ni mwandishi Mtanzania aliyekuwa akiandikia magazeti ya nje pia, The Economist na The Guardian wakiwemo. Alichukuliwa nyumbani kwake Dar es Salaam Julai 29, 2019. Mwanzo ikasemwa uraia wake ndio unachunguzwa. Halafu ikaja habari ya uchochezi, mawakili wakajipanga kwa dhamana. Agosti 5 anafikishwa mahakama ya Kisutu na mashtaka ni mengine kabisa, kushiriki genge la uhalifu, kutolipa kodi kama Sh173 milioni, na utakatishaji fedha. Sababu tatu tofauti ndani ya wiki moja. Mimi ukiniuliza utajuaje kesi imevalishwa nguo isiyo yake, naanzia hapo, angalia walichosema siku ya kumkamata na walichoandika kwenye hati, vikipishana sana jiulize.

Kwa nini utakatishaji lakini, si wangebaki na kodi tu? Kwa sababu utakatishaji ni kosa linalobebwa mgongoni na kosa lingine. Kwanza lazima kuwe na pesa iliyotokana na uhalifu, kisha wewe uifiche au uitumie huku unajua ilikotoka. Ukishasema hela fulani haikulipiwa kodi, ni hatua moja tu kusema hela hiyo ni zao la kosa, na aliyeipokea akaitumia kaitakatisha. Mtu anayeandikia magazeti ya nje analipwa na nje, hela inaingia benki, kumbukumbu zipo, karatasi ya kumtungia kesi haikosekani. Na kodi peke yake ina dhamana ila utakatishaji Tanzania hauna dhamana kabisa! Umo kwenye ile orodha ya kifungu maarufu, 148(5) kwa namba tulizozizoea za Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, pamoja na mauaji, uhaini, ugaidi na unyang'anyi wa kutumia silaha. Hakimu hata akikuonea huruma hawezi kukutoa, mkono wake umefungwa na sheria. Kwa hiyo anayeandika hati ya mashtaka ndiye kwa vitendo anayeamua ulale ndani au nyumbani, kabla hakimu hajafungua mdomo.

Halafu kuna ile sentensi tunayoisoma kila siku kwenye habari za Kisutu, "mshtakiwa hakutakiwa kujibu chochote kwa kuwa mahakama haina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo". Watu wanaipita haraka ila imebeba mzigo mkubwa. Makosa mazito kama uhaini na mengi ya uhujumu uchumi yanasikilizwa na Mahakama Kuu, Kisutu ni kituo cha kusubiria basi tu. Mshtakiwa anasomewa, haruhusiwi kujibu, upande wa mashtaka unasema upelelezi haujakamilika, kesi inaahirishwa, anarudi mahabusu, anarudishwa tena baada ya wiki mbili, wimbo ule ule. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili mtu asifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, jambo zuri, isipokuwa makosa mazito hayamo. Na kesi tunazozizungumzia hapa zinaangukia hapo hapo penye "isipokuwa".

Kabendera alizunguka hivyo hivyo. Mwisho wa Desemba 2019 mama yake akafariki, mawakili wakaomba aruhusiwe kwenda kumzika, ombi likakataliwa. Februari 24, 2020 akatoka. Alifanya makubaliano na DPP, la genge likaondolewa, akakiri mawili yaliyobaki, faini Sh250,000 kwa lile la kodi, fidia ile Sh173 milioni, na Sh100 milioni kwa utakatishaji.

Hapa ndipo swali la "mbona alikiri" linapokuja na mimi nalijibu kwa hesabu tu. Una kesi isiyo na dhamana. Upelelezi hauna tarehe ya kuisha. Mahakama uliyopo haina mamlaka ya kukusikiliza, kwa hiyo hata ukiwa na ushahidi wa kujitetea hamna wa kumpa. Upande wa pili kuna karatasi ya kusaini ukalale kwako leo. Utaratibu wa makubaliano hayo uliingizwa rasmi kwenye sheria mwaka 2019 na kwa kesi za kawaida sio mbaya, unapunguza mlundikano, ila ukiuweka kando ya shtaka lisilo na dhamana, kukiri kunaacha kuwa kipimo cha hatia. Kunakuwa kipimo cha mtu anaweza kuvumilia ndani muda gani. Tito Magoti, mwanasheria wa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, alikamatwa Desemba 2019 pamoja na mwenzake Theodory Giyani, yakawa yale yale, genge la uhalifu, utakatishaji, na kumiliki programu ya kompyuta ya kutendea kosa. Wakatoka Januari 2021 baada ya zaidi ya mwaka, kwa makubaliano na malipo ya Sh17.3 milioni. Kesi ya ushahidi haikuwahi kusikilizwa.

Na hicho kifungu cha dhamana kimeshapigwa mahakamani, watu wasidhani mawakili wamelala. Mei 2020 Mahakama Kuu, kwenye shauri la Dickson Sanga, ilisema kinakwenda kinyume na Katiba kwa sababu kinamnyima mtu dhamana bila mahakama kupima lolote. Furaha haikukaa. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaupindua uamuzi, kikarudi mezani.

Kufutwa kwa kesi sasa. Kuna kuachiwa huru, maana yake mahakama imesikiliza ikasema huna hatia, jambo limeisha, hushtakiwi tena kwa kosa lile. Na kuna DPP kusema "sina nia ya kuendelea na mashtaka". Hilo la pili Tanzania haombi ruhusa ya mtu wala hatoi sababu, na halizuii kukushtaki tena kwa jambo lile lile baadaye. Ndio maana unaona mtu anatoka kizimbani, anakumbatiwa na ndugu, anafika mlangoni anakamatwa upya. Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa Chadema, alikamatwa Mwanza Julai 2021 siku ya kongamano la katiba, akashtakiwa kwa ugaidi. Februari 2022 mahakama ikasema ana kesi ya kujibu, watu wakajiandaa kusikia utetezi, Machi 4 DPP akaifuta. Miezi zaidi ya saba ndani, na mpaka leo hamna hukumu inayosema alikuwa gaidi wala inayosema hakuwa. Kenya hapo wametuzidi kidogo, Ibara ya 157 ya katiba yao inamtaka DPP apate ruhusa ya mahakama kabla ya kuondoa kesi.

Tanzania tuliona tena baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025. Mamia ya vijana walifikishwa mahakamani miji mbalimbali, wengi kwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake ni kifo na dhamana hakuna. Novemba 14 Rais akaliambia Bunge vyombo vya sheria viangalie waliofuata mkumbo tu, na kabla mwezi haujaisha wengi wakafutiwa. Wazazi wao walifurahi na mimi nilifurahi nao, lakini fikiria kosa zito kuliko yote kwenye vitabu vyetu likiyeyuka kwa wiki chache bila shahidi hata mmoja kusimama. Kama ushahidi ulikuwepo umekwenda wapi, na kama haukuwepo ile hati iliandikwa kwa kuangalia nini?

Kuna watakaosema basi wewe unataka wanaharakati wawe juu ya sheria. Hapana. Aliyechoma duka la mtu kachoma duka la mtu, ashtakiwe kwa kuchoma duka. Mwandishi akitapeli ni tapeli. Jinai ni ya mtu mmoja mmoja, wewe ulifanya nini, saa ngapi, nani alikuona. Tatizo ni hati moja inayowakusanya watu mia kwa maneno yale yale, muuza maji aliyekuwa njiani na mrusha mawe wote "walikula njama". Wakili akisimama hapo haji kutetea mawe, anauliza huyu wa namba 43 yeye alifanya nini.

Na hii ya "maandamano hayakuwa na kibali" naipitia haraka maana inachosha. Tanzania sheria inataka taarifa kwa polisi saa 48 kabla, Kenya siku zisizopungua tatu na zisizozidi 14. Taarifa. Polisi wanaweza kuzuia kwa sababu zilizotajwa kwenye sheria, ila kutoa taarifa sio kuomba.

Tukivuka Namanga kwenda Kenya mambo yanabadilika kwa sababu katiba yao ya 2010 imeandika mengi waziwazi, lazima ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na una haki ya bondi isipokuwa kuwe na sababu nzito. Kwa hiyo mchezo nao ukabadilika, watu wakawa wanakamatwa Ijumaa. Mbona Ijumaa? Kwa sababu saa 24 zikiangukia siku mahakama imefungwa unangoja siku ya kazi inayofuata. Rose Njeri, mtengeneza programu, alikamatwa Ijumaa Mei 30, 2025 baada ya kutengeneza tovuti inayomsaidia mwananchi kutuma barua pepe bungeni kupinga Muswada wa Fedha. Jumapili ilikuwa sikukuu ya Madaraka, Jumatatu ikawa mapumziko, akafika mahakamani Jumanne. Akashtakiwa kwa sheria ya uhalifu wa mtandao, kuingilia mfumo wa kompyuta bila idhini, eti barua pepe nyingi zilivuruga mfumo wa ofisi ya bunge.

Mawakili wake wala hawakusubiri mashahidi, waliishambulia karatasi yenyewe. Hoja yao kwa lugha ya mtaani, hata tukikubali kila kilichoandikwa humu ni kweli, kosa liko wapi? Mwananchi kumwandikia mbunge wake ndio ushiriki ambao katiba imeuomba. Juni 20 hakimu wa mahakama ya Milimani, Nairobi, akakubali kwamba hati haionyeshi kosa, kesi ikatupwa. Wiki tatu tu. Hii ndio aina ya ushindi ninayoipenda kuliko zote na haisemwi sana kwa sababu haina kelele.

Si kwamba Kenya ni peponi. Wiki ile ile Rose alipotoka kwa dhamana, Albert Ojwang, mwalimu na bloga, alikamatwa Homa Bay kwa ajili ya posti kuhusu mkubwa wa polisi, akaletwa Nairobi akafia mikononi mwa polisi, hakuna hati ya mashtaka iliyowahi kusomwa. Ndio maana kazi ya kwanza ya wakili, kabla ya hoja zote hizi, ni kujua mteja yuko kituo gani, na akifichwa anakimbilia Mahakama Kuu kuomba amri aletwe akionekana kwa macho. Na Julai 2025 mwanaharakati Boniface Mwangi alipokamatwa tulisikia ugaidi siku nzima, alipofikishwa mahakama ya Kahawa shtaka likawa kukutwa na makopo ya gesi ya machozi na risasi ya baruti tupu, akatoka kwa bondi yake mwenyewe ya Ksh1 milioni. Rudi kwenye kipimo chetu cha Kabendera uone.

Baada ya kumtafuta mteja na kuishambulia hati, kuna ngazi ya tatu ambayo ndiyo inafaidisha watu wengi kuliko mteja mwenyewe, nayo ni kuishtaki sheria. Mkenya Geoffrey Andare alifunguliwa kesi kwa posti ya Facebook, badala ya kujibu akaenda Mahakama Kuu kusema kifungu chenyewe hakieleweki, Aprili 2016 kikafutwa. Februari 2017 kwenye shauri la Jacqueline Okuta kashfa ikaacha kuwa jinai Kenya, ukichafuliwa jina nenda kadai fidia, sio mtu afungwe. Uganda ndio wazee wa kazi hii. Waandishi Charles Onyango Obbo na Andrew Mwenda walishtakiwa 1997 kwa habari kwamba Rais Kabila wa Congo aliilipa Uganda kwa dhahabu ya Congo, wakashinda mahakama ya chini, wangeweza kwenda nyumbani. Hawakwenda. Waliendelea kukipinga kifungu cha "habari za uongo" mpaka Mahakama ya Juu ikakifuta 2004. Mwenda akarudi tena, 2010 uchochezi nao ukaanguka. Ila sheria hizi zina tabia ya kufa na kuzaliwa upya, Kenya walifuta kile cha Andare 2016, mwaka 2018 ikaja sheria ya uhalifu wa mtandao yenye makosa ya taarifa za uongo, faini mpaka Ksh5 milioni.

Milango ya nyumbani ikifungwa kuna Arusha, na hapa watu wanachanganya mahakama mbili. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ndiyo iliyosema 2014, kwenye kesi ya mhariri Lohé Issa Konaté wa Burkina Faso, kwamba kumfunga mwandishi kwa kashfa ni kuvunja haki. Lakini mtu binafsi anaruhusiwa kwenda pale kama nchi yake imetoa tamko la kukubali, na Tanzania iliyo mwenyeji wa mahakama ilitoa notisi ya kuliondoa lake Novemba 2019. Ya pili ni Mahakama ya Afrika Mashariki, hiyo mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaingia bila kulazimika kuzimaliza mahakama za kwao. Machi 2019, kwenye shauri la Baraza la Habari Tanzania na wenzake, ilisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Je, vilikufa siku hiyo? Hapana, mahakama ya Arusha haina polisi wala haikai bungeni, sheria ilikuja kurekebishwa 2023 na sio yote. Hukumu yake inakuwa silaha ya wakili kwenye kesi inayofuata na aibu ya serikali kwenye vikao.

Na ina kikwazo kimoja kinachowaangusha wengi, miezi miwili tu tangu tukio litokee au tangu ulijue, ukichelewa unarudishwa hata kama umeonewa vipi. Boniface Mwangi na Agather Atuhaire wa Uganda walishikiliwa Dar es Salaam Mei 2025 walipokuja kufuatilia kesi ya uhaini ya mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu, shauri lao likafunguliwa hapo Julai, kabla miezi miwili haijapita.